Kalamu tatu, filta nne: kisa cha daftari la chama lililolowa mafuriko katika uwanda wa Kano

Majina ya watu na ya kijiji nimeyaondoa kwa makubaliano na wanachama wenyewe. Viwango vya mikopo nimevibadilisha, lakini tofauti baina yake nimeiacha ilivyokuwa, kwa sababu ndiyo iliyoleta maneno. Nimeandika kwa ajili ya mpiga picha yeyote mwenye kamera iliyofunguliwa ione mwanga wote, ambaye siku moja ataletewa karatasi iliyofifia na kuombwa aisomeshe.

Usuli

Chama ni cha akina mama kumi na tisa wa uwanda wa Kano nchini Kenya, upande wa Ahero, ardhi inapolala bapa kuelekea Ziwa Viktoria. Wengi wao wanauza mchele, mboga na samaki wa kukaanga. Kila baada ya wiki mbili wanakutana, wanachanga, wanakopeshana, na yote yanaandikwa katika daftari moja la jalada gumu. Hakuna kompyuta wala nakala ya pili. Katibu huandika kikao kikiendelea, na mweka hazina hulala na daftari nyumbani kwake.

Katika mafuriko ya mwaka 2024 maji yaliingia kwa mweka hazina usiku. Daftari lilikuwa chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa plastiki uliokuwa na tundu dogo ambalo hakuna aliyelijua. Lilikaa majini siku mbili. Alipolipata alifanya alichoona ni busara: alilianika juani juu ya mabati, na kurasa zilizokataa kuachana akazikausha juu ya jiko la makaa. Miezi mitatu baadaye, wakati wa kugawana faida ulipokaribia, ikabidi hesabu zisomwe. Hazikusomeka. Kukaanza minong'ono kwamba huenda daftari halikulowa kwa bahati mbaya.

Mimi nina studio ndogo mjini Kisumu. Kazi yangu ni picha za pasipoti, harusi na mahafali. Kamera iliyofunguliwa niliinunua mkono wa pili ili nipige picha za ziwa za kutundikwa ukutani. Mwenyekiti wa chama alikuwa ameona moja hotelini: maji ya Ghuba ya Winam meusi kama wino, na magugumaji juu yake meupe kama pamba. Akauliza ni kamera gani hiyo inayoona mambo hivyo, akaelekezwa kwangu. Ndivyo daftari lilivyofika mezani pangu, likiwa limefungwa kwa leso.

Kamera yenyewe na filta zake

Kihisi cha kamera ya kidijitali kimetengenezwa kwa silikoni, na silikoni huona zaidi ya jicho la mtu. Jicho letu linafanya kazi kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Silikoni inaanzia karibu 350, kwenye urujuanimno, na kuendelea hadi karibu 1,100, ndani kabisa ya infraredi. Ndiyo maana kiwanda huweka kioo maalumu mbele ya kihisi kuzuia mwanga huo wa ziada, la sivyo rangi za picha zingeharibika. Katika kamera yangu kioo hicho kimeng'olewa na mahali pake pakawekwa kioo kinachopitisha kila kitu. Tangu hapo, anayeamua kamera ione nini ni filta inayofungwa mbele ya lenzi.

Nilikuwa na filta nne. Ya kwanza huzuia urujuanimno na infraredi, yaani hufanya kazi ya kile kioo kilichong'olewa, na kamera inarudi kuona kama mtu. Ya pili ni ya nanomita 720: huzuia karibu rangi zote tunazoziona na kupitisha infraredi kuanzia hapo. Ya tatu ni ya 850, ambayo inaingia ndani zaidi na kutoa picha ya kijivu tupu. Ya nne ni nyeusi kwa jicho na hupitisha urujuanimno.

Ile picha ya ziwa inaeleza jambo zima. Jani bichi hurudisha infraredi kwa nguvu kwa sababu ya jinsi chembe zake zilivyopangwa ndani, huku maji yakiimeza. Kwa hiyo gugu huwa jeupe na maji huwa meusi. Jicho halijui hilo. Mwanafizikia Mmarekani R. W. Wood alichapisha picha za namna hiyo mwaka 1910, na hadi leo weupe huo wa majani unaitwa kwa jina lake. Lakini karatasi si jani, na wino si maji. Hapo ndipo nilipoingia kazini nikiwa na matumaini makubwa kuliko maarifa.

Siku ya kwanza: gauni jeusi

Walikuja wanne: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mwanachama mmoja mzee ambaye wenzake walimwita Dani, yaani bibi. Niliona ni vyema kuanza na picha ya makabidhiano, daftari likitoka mikononi mwao na kuingia mikononi mwangu, ili kusiwe na swali baadaye. Nilimpa kijana wangu wa studio kamera. Sikumkumbusha filta ya kwanza, naye hakuifunga.

Mama Mweka Hazina aliomba kuiona picha. Aliitazama kwenye kioo cha kamera kwa muda mrefu. Gauni lake lilikuwa jeusi tii, lakini pichani lilikuwa rangi ya damu ya mzee. Rangi nyingi nyeusi za vitambaa vya kisasa ni nyeusi kwa jicho tu. Kwa infraredi zinang'aa, na kamera isiyo na kizuizi inauchukua mng'ao huo na kuugeuza wekundu.

"Kijana wangu," akaniambia, "kama kamera hii imesema uongo juu ya gauni langu na mimi nimelivaa hapa mbele yako, itasema ukweli gani juu ya daftari?"

Wenzake walinyamaza. Ni yeye aliyekuwa akishukiwa, na swali lake lilikuwa bora kuliko lolote nililokuwa nimejiuliza mimi. Nilifunga filta ya kwanza, nikapiga tena, gauni likarudi kuwa jeusi. Nikawaeleza kwamba kila filta inafichua kitu na kuficha kingine, na kwamba sitapiga ukurasa hata mmoja kabla hawajaona kwa macho yao kila moja inaficha nini.

Uamuzi huo haukuwa wa kiufundi, ila wote uliofuata uliuegemea. Nilimuuliza Mama Katibu alitumia kalamu gani. Akafikiri, kisha akatoa maelezo ambayo nilipaswa kuyaomba mapema. Kikaoni alikuwa akiandika kwa penseli, maana watu hubadilisha mawazo. Jioni, hesabu zikishakubaliwa, alipitisha biro ya buluu juu ya penseli ile ile. Jumla za mwezi aliziandika kwa kalamu nyeusi ya jeli. Muhuri wa chama ulikuwa wa zambarau.

Tukachukua karatasi safi. Mama Katibu akaandika mstari mmoja kwa kila kalamu aliyokuwa nayo mkobani, na mimi nikaongeza za studio. Nikaipiga picha karatasi hiyo kwa kila filta huku wakitazama kwenye kompyuta. Kwa filta ya 720, mstari wa biro ya buluu ulitoweka. Haukufifia, ulitoweka kana kwamba haujawahi kuandikwa. Muhuri nao ukaenda. Penseli ikabaki nyeusi kama ilivyo, na jeli nyeusi ikabaki. Dani aligusa karatasi kwa kidole kuhakikisha wino bado upo pale.

Sababu ni kwamba biro nyingi za buluu hutumia rangi zinazomeza mwanga tunaouona na kuiacha infraredi ipite hadi kwenye karatasi. Penseli ni grafiti, yaani kaboni, na kaboni humeza infraredi pia. Kalamu za jeli nyeusi hutofautiana: nyingine zina chembe za kaboni, nyingine ni rangi ya kuyeyushwa tu. Ya Mama Katibu, kwa bahati njema, ilikuwa ya kaboni.

Balbu ya vifaranga

Mpango wa kwanza ukajipanga wenyewe. Penseli haiyeyuki majini. Iko chini ya biro iliyosambaa na chini ya tope. Kama infraredi inapita kwenye biro na kwenye sehemu kubwa ya madoa, basi 720 au 850 ingefuta uchafu na kuacha penseli peke yake.

Nikafunga kamera juu ya meza ikitazama chini, nikawasha taa za studio, nikaweka filta ya 850. Picha ikatoka nyeusi tupu. Nikaongeza muda hadi sekunde kumi, na bado ilikuwa giza lenye chenga. Nilipoteza asubuhi nzima nikishuku kamera, kumbe kosa lilikuwa kwenye taa. Taa zangu ni za LED, na LED nyeupe haitoi karibu chochote katika infraredi. Mwanga wake karibu wote ni ule unaoonekana, ndiyo maana haili umeme mwingi. Balbu ya zamani ya waya ni kinyume: sehemu kubwa ya anachokilipia mtu hutoka kama infraredi.

Balbu za waya sasa ni adimu madukani. Kijana wangu ndiye aliyekumbuka balbu nyekundu ya kulelea vifaranga, tukaipata kwenye duka la dawa za mifugo. Tuliiweka pembeni ya meza, umbali wa mita moja na nusu ili isikaange karatasi, ya pili upande wa pili ili kusiwe na kivuli. Filta ya 850 ikapata picha kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Kulikuwa na mambo mawili ya kurekebisha. Lenzi yangu ya milimita 50 ilichora duara jeupe katikati ya kila picha, na nilivyozidi kuubana mlango wake duara lilizidi kuwa kali. Baadhi ya lenzi zina tabia hiyo kwenye infraredi kwa jinsi mwanga unavyorukaruka ndani yake, na dawa yake ni kubadilisha lenzi. Nilitumia ile ya kawaida iliyokuja na kamera, mlango wake ukiwa kwenye kipimo cha f/8, na duara likaisha. Jambo la pili ni ukali wa picha. Infraredi haikutani mahali pamoja na mwanga wa kawaida, na kamera kama yangu, yenye kioo cha kuakisi mwanga ndani, hupima ukali kwa njia nyingine kabisa, kwa hiyo kipimo chake hudanganya. Niliweka ukali kwa mkono, nikitazama herufi zilizokuzwa kwenye kioo cha nyuma huku filta ikiwa imefungwa.

Ukurasa wa kwanza kutoka vizuri ulikuwa wa mwezi wa tatu. Kwa jicho ulikuwa wingu la buluu lenye doa la tope lenye umbo la kiganja. Kwa 850 wingu liliondoka, doa likabaki kivuli chepesi kama cha chai, na chini yake ikatokea safu ya majina kwa mwandiko mdogo ulioinama kushoto. Mama Katibu alisoma jina la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika la nne alisimama. Alikuwa mwanachama aliyefariki mwaka huo.

Usiku wa taa ya kijani

Penseli haikutosha. Kuna vikao ambavyo Mama Katibu alikuwa na haraka na kuandika kwa biro moja kwa moja, na zile kurasa infraredi iliziacha nyeupe kabisa. Hapo nilijaribu urujuanimno, na nikakosea kwanza.

Nilinunua tochi ya nanomita 365, nikazima taa, nikafunga kwenye lenzi filta inayopitisha urujuanimno. Jioni nzima nilipata picha za giza zenye chenga. Kosa hili hulifanya wengi, kwa hiyo nalieleza. Karatasi ya kisasa ina kemikali za kuing'arisha. Ukiimulika kwa urujuanimno inawaka buluu, na mwako huo ni mwanga unaoonekana. Filta yangu ilikuwa ikiuzuia mwako wenyewe na kusubiri urujuanimno unaorudi kutoka kwenye karatasi, ambao lenzi za siku hizi huumeza kwa vioo vyake na mipako yake. Nilichohitaji kilikuwa kinyume: urujuanimno kwenye tochi, na kwenye lenzi ile filta ya kwanza inayoifanya kamera ione kama mtu. Nilipobadilisha, biro iliyofifia ilionekana kama mistari ya kijivu juu ya karatasi inayong'aa. Ilisaidia kwenye kurasa za katikati. Kwenye zile zilizoanikwa juani, mng'ao wenyewe ulikuwa umechakaa. (Anayetumia tochi hizi avae miwani ya kuzuia urujuanimno. Macho hayana akiba.)

Kilichozaa matunda ni mbinu ambayo wachunguzi wa hati zenye mashaka huitumia kwenye mashine zao za bei kubwa, na ambayo kamera iliyofunguliwa inaiweza kwa shilingi chache. Wino mwingi wa biro, ukimulikwa kwa mwanga wa kijani au wa buluu-kijani, hutoa mwako dhaifu katika infraredi. Jicho halioni kitu. Hata wino uliooshwa ukabaki kivuli ndani ya nyuzi za karatasi unaweza kuwaka, wakati mwingine zaidi ya wino mzito. Sharti ni kwamba taa isiwe na infraredi yake yenyewe hata kidogo, ili filta ya 720 ipitishe mwako wa wino peke yake.

Ile LED iliyoniangusha asubuhi ya kwanza ndiyo sasa iliyokuwa ikitakiwa, ila si nyeupe, kwa sababu LED nyeupe ina mkia unaofika kwenye wekundu wa mbali. Rafiki yangu anayefunga vyombo vya muziki kwenye harusi aliniazima taa za rangi, nikaziweka kijani tupu. Tulifunga mapazia, tukaziba mwanya wa mlango kwa leso ile ile ya daftari. Sekunde 30 kwa kila picha, na hakuna aliyeruhusiwa kutembea, maana sakafu ya studio ni ya mbao.

Picha ya kwanza nilipiga karatasi tupu kupima kama taa inavuja. Ikatoka nyeusi. Ya pili ilikuwa ukurasa wa biro. Juu ya kioo cha kamera ikatokea tarehe, polepole kwa macho yetu kwa sababu tulikuwa tumeshakata tamaa: namba nyeupe juu ya giza, kama chaki kwenye ubao. Si kurasa zote zilizowaka. Kalamu iliyotumika miezi miwili ya mwisho haikuwaka hata chembe, na mpaka leo kurasa hizo hazisomeki.

Ukurasa wenye tarakimu mbili

Katika ukurasa mmoja, mstari wa mwanachama fulani ulionyesha 3,500 kwa penseli chini ya filta ya 850. Chini ya taa ya kijani, biro ya mstari huo huo ilisema 8,500.

Nilikaa na picha hizo mbili usiku peke yangu. Mkopaji alikuwa akisema siku zote kwamba alikopa 3,500. Ningeweza kuonyesha picha moja tu na kesi ingeisha, upande mmoja au mwingine. Hapo ndipo nilipoona uzito wa swali la gauni.

Niliamua kuzionyesha zote mbili kwa wakati mmoja, mbele ya wote, bila kutoa maoni. Nilisema ninachokijua tu: penseli inasema hivi, biro inasema hivi, na picha haisemi ni nani aliyeandika wala lini. Usomaji wenyewe sikuufanya mimi. Kwa kila ukurasa walikaa wanachama wawili ambao hawakukopa mwezi huo, kila mmoja akasoma peke yake na kuandika, na Mama Katibu akalinganisha. Wakitofautiana, nafasi iliachwa wazi.

Kelele zilipotulia, Mama Mweka Hazina aliomba siku tatu. Alirudi na taarifa ya M-Pesa ya simu yake. Jioni ya kikao kile alikuwa amemtumia mkopaji 5,000. Mkopaji alipoiona alikumbuka vizuri, na hakukana. Alikuwa ameomba nyongeza baada ya kikao, mtoto wake akiwa hospitalini, na aliamini kwamba ile ilikuwa fedha ya mweka hazina binafsi, si ya chama. Mweka hazina alikuwa ameitoa kwenye fedha za chama na kumwambia katibu aandike. Katibu alibadilisha tarakimu alipopitisha biro. Wote watatu walikuwa wamesema ukweli kama walivyoujua.

Walivyoelewana juu ya malipo ni yao wenyewe.

Matokeo

Daftari lilikuwa na kurasa 52 zilizoandikwa. Kurasa 37 zilisomeka zote, tisa zilisomeka kwa sehemu, na sita hazikutoa kitu. Kati ya hizo sita, nne ni zile zilizokaushwa juu ya jiko. Masizi ya jiko ni kaboni, na kwa infraredi kaboni ya masizi na kaboni ya penseli ni nyeusi ile ile. Faida iligawanywa kwa hesabu zilizosomeka, na nafasi zilizobaki wazi wanachama walizijadili moja moja.

Picha zote niliwakabidhi kwenye kadi ya kumbukumbu, zikiwa ghafi kama zilivyotoka kwenye kamera, pamoja na nakala nilizoongeza ukali wa nyeusi na nyeupe. Marekebisho niliyafanya kwa picha nzima, kamwe si kwa neno moja. Kwenye kompyuta yangu nilizifuta mbele yao, kwa kuwa mikopo ya mtu ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka taarifa binafsi za mtu zilindwe.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindwa

Kilichofaa zaidi ya vyote ni kile kikaratasi cha kalamu. Nilikichukulia kama njia ya kuwatuliza wateja, kumbe kilikuwa nusu ya uchunguzi. Kilinionyesha kwamba 720 inafuta biro kabla sijadhani ukurasa fulani haukuandikwa kitu. Mtu asiyejua hilo angeweza kuapa kwa nia njema kabisa kwamba mstari ulikuwa mtupu. Wanachama nao walipokuja kuona ukurasa mweupe hawakushtuka, maana walishaiona biro ikitoweka mbele yao.

Kuiacha kamera mahali pamoja kwa filta zote pia kulilipa. Kila ukurasa ulipigwa bila kusogezwa, na kikaratasi pembeni chenye namba ya ukurasa na jina la filta. Ndiyo sababu penseli na biro za mstari ule wenye mgogoro ziliweza kuwekwa moja juu ya nyingine bila mtu kudai kwamba ni mistari tofauti. Filta niliikaza nusu tu, ili kuitoa kusitikise kamera.

Kosa la kwanza ni mpangilio wa maswali. Nilianza kwa kujiuliza nina filta gani, badala ya kuuliza kalamu zilikuwa zipi. Lile la taa lilitokana na hilo hilo: nilifikiria kinachofungwa mbele ya lenzi nikasahau kwamba filta haiwezi kupitisha mwanga usiokuwepo. Filta ya urujuanimno nilikuwa nimeinunua kwa gharama kubwa kuliko zote, na katika kisa hiki haikutoa hata ukurasa mmoja.

Ile picha ya gauni ilikuwa uzembe wangu. Kamera iliyofunguliwa isielekezwe kwa watu bila filta ya kwanza, na kwa infraredi isielekezwe kwao kabisa pasipo kuwaeleza, maana baadhi ya vitambaa vyepesi huonyesha zaidi ya alichokusudia mvaaji. Siku hizi filta hiyo haitoki kwenye lenzi isipokuwa kwa kazi maalumu.

Na kuna jambo ambalo filta isingeweza kulitibu. Kama daftari lingefika kwangu au kwa yeyote mwenye friji ya barafu likiwa bado bichi, kurasa nyingi zaidi zingepona. Karatasi iliyolowa ikigandishwa, ukungu husimama na wino huacha kutembea, na mtu hupata wiki kadhaa za kuifungua taratibu na kuikausha kivulini, gazeti likiwekwa kati ya kurasa. Wanachama wanne wa chama hiki wana friji za samaki. Hakuna aliyewaambia. Jua na jiko viliharibu kiasi fulani cha kile ambacho maji yalikibakiza.

Kikaratasi cha kalamu kimebandikwa ukutani studio, kando ya meza ya kunakilia. Mama Katibu akija mjini hupita na kuongeza mstari: kila biro mpya anayoikuta madukani huiandikia jina la duka na tarehe, nasi tunaipiga kwa 720 kabla hajanywa chai. Hadi sasa kuna mistari 23. Daftari jipya analiandika kwa ile jeli nyeusi, na penseli ya chini bado haifuti.